Mwaka Hoteli ya Lweru Ilipokosa Kahawa

Hoteli ya Lweru,
Bukoba.
19 Desemba 1957

Mpendwa dada Alistidia,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini barua hii itakukuta Mwanza ukiwa mzima, kile kikohozi ulichoniandikia kimekwisha, na miguu yako haivimbi tena kwa kusimama wodini kutwa. Sisi huku hatujambo. Wazazi wetu, Mama na Tata, hawajambo, mama mkwe hajambo, na mume wangu Datius hajambo kabisa. Nimemtaja wa mwisho ili usiseme kwamba tangu niolewe sina neno jingine. Lakini ukweli, dada, ni kwamba sina. Nimeolewa na mtu anayepiga pasi shati lake mwenyewe, anayeniita chakulani kwa majina yangu yote, Adventina Kokwijuka, kana kwamba anasoma matokeo ya mtihani na mimi nimekuwa wa kwanza. Asubuhi nikimsikia akifungua madirisha ya ukumbini, moyo unanienda mbio. Basi, nimelisema. Nikilirudia huko mbele, nivumilie.

Uliniuliza mambo mawili na ukanitaka nikujibu bila kupamba. La kwanza, kama ni kweli kwamba hoteli inakufa. La pili, Datius alimfanya nini Tata, hata akarudi Kagoma mwezi wa tisa akiwa na uso wa mawe na kuanza kusema atauza hisa zake zote. Mimi pia nilidhani hayo ni mambo mawili. Kumbe ni moja.

Wewe uliondoka kabla hoteli haijafunguliwa, kwa hiyo nikuoneshe ilivyo. Ina vyumba kumi na viwili vilivyozunguka ua, ukumbi wa kulia chakula wenye sakafu nyekundu inayosuguliwa mpaka unajiona, na baraza inayotazama ziwani. Wenye mali ni wakulima wa kahawa, wa Kashozi, wa Nshambya, na wa kwetu Muleba. Walichanga ile miaka bei ilipokuwa nzuri, kwa sababu walichoka kuja mjini na kulala juu ya magunia. Tata ana hisa nyingi kuliko mtu yeyote wa Kagoma. Mwenyekiti wa kampuni ni Mzee Buberwa, mtunza hazina ni Bwana Kaijage, na meneja ndiye huyo mpiga pasi wangu.

Tulipofunga ndoa mwezi wa saba, mama mkwe wangu, Ma Verdiana, alisema kwamba bibi harusi ni mugole hata kama mumewe anaishi hotelini. Sitatoka nje, sitashika jembe, sitakaribia jiko, mpaka siku atakayonitoa yeye. Nyumba ya meneja ilikuwa ikiezekwa upya, basi nikawekwa ndani katika chumba cha mwisho cha hoteli, pazia likashushwa, na Ma Verdiana akaleta mkeka wake akaketi mlangoni kama askari. Nilipakwa siagi, nikalishwa, nikanenepa. Datius alikuwa akipita nje ya dirisha akikohoa kidogo ili nijue ni yeye, na mama yake alikuwa akimwambia aende akahesabu mashuka. Sijawahi kucheka vile maishani.

Halafu kile kikohozi cha mapenzi kikawa kikohozi kweli. Unajua wewe kuliko mimi jinsi mafua yale ya Asia yalivyokuja. Huku yalianza mwezi wa nane, stima moja baada ya nyingine, na kabla ya wiki kadhaa kwisha kila nyumba ya Nshambya ilikuwa na mtu aliyejifunika blanketi mchana. Mikutano ya vyama iliahirishwa, na wanunuzi wa kahawa kutoka Kampala hawakuja. Kutoka chumbani kwangu nilikuwa nikijua idadi ya wageni kwa kusikiliza viatu uani, na siku zikaja nikawa nasikia viatu vya Datius peke yake.

Anasema niseme hesabu wazi, maana wewe si mtoto. Mwezi wa saba hoteli iliingiza karibu shilingi elfu mbili. Mwezi wa tisa haikufika mia nne. Na hoteli hailali njaa kwa sababu wageni hawapo: mishahara, mafuta ya taa, sabuni, kodi ya kiwanja, vyote vinadai kama kawaida. Vyumba sita vikijaa, inajilipa. Tulikuwa na kimoja, na mgeni mwenyewe alikuwa muuza cherehani aliyeugua akashindwa kuondoka.

Mpishi wetu Nathanieli alianguka kwa homa mwezi wa tisa ukielekea kwisha, na msaidizi wake siku iliyofuata. Niliona kwa pazia Datius akimenya ndizi. Dada, mwanamume yule anajua mambo mengi, lakini ndizi alikuwa akizichonga kama kalamu. Nikamwambia Ma Verdiana kwamba natoka. Akaniuliza nimesikia wapi mugole akijitoa mwenyewe kama kuku bandani. Nikamjibu kwamba muuza cherehani ana homa na hajala, na kwamba akifia hapa hakuna atakayeuliza kama mugole alikuwa amekaa ndani vizuri. Akainuka, akakunja mkeka. Nikadhani anaondoka kwa hasira. Akarudi na jembe, akanishikisha, akanipeleka kwenye migomba nyuma ya jiko, nikalima mahali padogo kama sahani, akanipigia vigelegele yeye peke yake huku akikohoa. Kisha akasema, "Nimekutoa mimi. Mtu asije akasema ulijitoa. Sasa nenda ukamnyang'anye mwanangu kile kisu." Tangu siku ile nampenda karibu kama ninavyompenda mwanawe.

Mwezi wa kumi wagonjwa wakaanza kupona. Stima zikajaa tena, mabasi ya Muleba yakawa yanakuja watu wamesongamana, na vile vyumba vya nyuma ya duka la Bwana Yunus, ambavyo havina hata dari, vikajaa wageni wakulima. Sisi tukabaki na vyumba viwili, siku njema vitatu. Datius hakuelewa. Alipaka rangi mlango. Alipunguza bei ya chumba, na bado walipita. Akakonda hata koti lake la harusi likawa linamning'inia. Bwana Yunus, ambaye ni mtu muungwana na sitamsema vibaya, alimwendea Mzee Buberwa akaeleza kwamba yuko tayari kukodi jengo zima kwa miaka kumi aweke kahawa. Kwa wenye hisa, hilo lilikuwa fedha ya uhakika. Mkutano wa mwaka ukapangwa Desemba, na habari ikafika kwamba Tata yetu ndiye anayezunguka Kagoma yote akiwaambia watu wakubali.

Nilikutana na jibu barabarani. Unamkumbuka Ta Clavery, jirani yetu mwenye kibanja cha bondeni, yule ambaye kila akija mjini alilala Lweru na kudai chumba kile kile? Nilimwona akitoka kwa Yunus amebeba mfuko wake. Nikamsalimu kwa heshima, nikamuuliza kwa utani tumemkosea nini hata anakimbilia kulala chini ya mabati. Akacheka, lakini macho hayakucheka. Akasema, "Mwanangu, kwa mumeo mtu akifika anapewa kalamu atie sahihi, hapewi kahawa. Nitie sahihi ya nini? Nimekuja kuhukumiwa?" Akaongeza kwamba kama simwamini nimuulize baba yangu, maana yeye ndiye wa kwanza kunyimwa.

Nilirudi mbio. Pale mapokezini, tangu hoteli ifunguliwe, kulikuwa na kijikapu cha kahawa ya kutafuna. Mgeni akiingia, kabla ya jina, kabla ya fedha, kijikapu kinamfikia, anachota punje mbili tatu, anatafuna, ndipo mazungumzo yanaanza. Mimi mwenyewe nilikiona mara moja tu, siku niliyoletwa, na nilipotoka chumbani sikukumbuka kukitafuta, jiko lilinimeza. Nilimuuliza Datius kijikapu kiko wapi. Akanionyesha juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa. Bwana afya alikuwa amepita mwezi wa nane akiwashauri watu wasichangie vyombo wala kutia mikono mahali pamoja, na Datius, ambaye hutii ushauri mzuri kuliko mtu yeyote, akakiondoa siku hiyo hiyo. Wageni wa Kampala na makarani hawakujali. Lakini mkulima wa Muleba aliyeingia akaketi, akasubiri, na kahawa isije, alijua maana yake. Kwetu nani hunyimwa kahawa ila adui? Hakuna aliyegomba. Waliondoka kwa adabu, wakaenda kwa Yunus ambaye hakusikia ushauri wowote na kijikapu chake kilizunguka hadi kwa wanaokohoa.

Nikamuuliza kama Tata alikuja. Akainamisha kichwa. Alikuja mwezi wa tisa, amevaa kanzu nyeupe na koti, kuangalia hoteli yake na kumsalimu mkwewe. Siku ile mimi nilisikia sauti yake uani, nikafurahi nyuma ya pazia, nikawaza kwamba sasa wanatafuna pamoja na kusifiana. Kumbe mkwe alimkaribisha kiti, akamwonyesha hesabu, akamweleza habari za vijidudu, na mkono wake haukutoa hata punje moja.

Nilikasirika, dada, sitakuficha. Nilimwambia kwamba amemfukuza baba yangu kwa Kiswahili kizuri. Akanitazama, na macho yake yakalowa. Akauliza, "Kama ningempa, akaugua, akafa, ungeendelea kuniita mume?" Yule mtu alikuwa amebeba aibu ile peke yake miezi miwili, kwa kuogopa kumuua baba yangu, na hakuwa amejua hata kwamba ni aibu. Alidhani Tata amekasirikia hesabu. Nikamshika mikono. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuolewa na shati lililopigwa pasi. Niliolewa na mtu.

Tukaketi kufikiri. Yeye hakutaka kijikapu kirudi wakati watu bado wanakohoa, na alikuwa na haki. Mimi sikutaka mtu aingie bila kahawa, nami nilikuwa na haki. Ma Verdiana alitusikiliza, akatuuliza kama sokoni kahawa inauzwa kwa kumwagiwa mkononi au ndani ya vifurushi vya ganda la mgomba. Tukaangaliana. Tangu kesho yake nikawa nakata ganda kavu la mgomba, nafunga punje chache chache, kila kifurushi cha mtu mmoja, nakifunga kwa uzi wa mgomba. Mgeni akiingia, Datius anasimama, anampa kwa mikono miwili, na mgeni anakifungua mwenyewe. Hakuna mkono unaogusa wa mwenzake, na hakuna anayenyimwa.

Lakini vifurushi haviwezi kutembea mpaka Kagoma vyenyewe. Ilikuwa lazima Datius aende. Ilikuwa msimu wa senene, basi zima likinuka senene wa kukaanga, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimempelekea mume wangu senene wangu wa kwanza. Unajua mume akiletewa senene wa kwanza anapaswa kumvika mke nguo. Yeye, kwa hasara ya hoteli, alikuwa amekwisha kubali nusu mshahara na hakuwa na fedha ya nguo, basi akatoa leso yake ya mfukoni ya harusi, akaniwekea kichwani, akasema nguo ni nguo. Nilisafiri nayo kichwani mpaka Kagoma, na nisingebadilishana na malkia yeyote.

Tata alitupokea uani. Viti vililetwa. Mama alitoka, akanikumbatia, akarudi ndani haraka. Tukakaa. Tata aliuliza habari za barabara, habari za mvua, na kahawa haikuja. Alikuwa akimlipa Datius kwa kipimo kile kile, nami nilitamani ardhi inimeze. Datius akainuka, akapiga goti mbele yake, akatoa kifurushi kwa mikono miwili. Tata akakitazama bila kukipokea, akasema, "Siku hizi mgeni ndiye anayempa mwenyeji?"

Datius akajibu, "Nimekuja kumaliza mapokezi niliyoyakatiza mwezi wa tisa, Tata."

Alieleza yote, bila kujitetea sana na bila kumtaja bwana afya zaidi ya mara moja. Tata akanyosha mkono, akakipokea. Kisha akafungua kile kifurushi, akatia punje mdomoni, akatafuna muda mrefu. Akasema kahawa hii imechemshwa na mtu asiyejua majani ya kutia, na kama ni binti yake aliyeichemsha basi mama yake ameshindwa kazi. Mama akacheka kutoka jikoni, na kijikapu cha nyumbani kikaja hapo hapo. Tata mwenyewe akamchotea Datius, akamwekea mkononi. Nilidhani tumeshinda. Lakini unamjua baba yetu. Tulipokuwa tunaaga alimwambia Datius, "Kahawa nimetafuna. Hisa ni jambo lingine."

Mkutano ulikuwa Jumamosi ya tarehe saba, katika ukumbi wetu wa chakula. Walikuja wengi kuliko viti. Mlangoni Datius na mimi tulimpa kila mmoja kifurushi chake, na niliona wazee wakikigeuzageuza, wengine wakinusa, na Ta Clavery akaomba cha pili kwa ajili ya ng'ombe wake. Bwana Kaijage alisoma hesabu. Hasara ya mwaka ni kubwa, hakuificha. Lakini alisema mwezi wa kumi na moja, tangu katikati yake, vyumba vilivyojaa vilikuwa vitano kwa kawaida, wakati mwingine saba. Mzee Buberwa akasema maneno ya Bwana Yunus, nayo yalikuwa maneno mazuri, na watu wa Kashozi wakaanza kutikisa vichwa kukubali.

Hapo Tata akasimama. Alisema amezunguka Kagoma akiwaambia watu waachane na hoteli, na watu wamemsikiliza, kwa hiyo ni yeye anayepaswa kuwarudia. Akasema, "Nilikuwa na hasira ya kahawa, nikaiita hasira ya hesabu. Mwenye hasira kama yangu ajipime kabla hajanyosha mkono." Watu wakaguna, wengine wakacheka chini chini, maana walijijua. Akaendelea kwamba hesabu ni mbaya lakini mgonjwa huyu anakula, na mgonjwa anayekula hazikwi. Ila hatakubali hoteli iendeshwe na mtu mmoja anayejua vijidudu na hajui watu. Akauliza nani atakaa mlangoni.

Watu walimtazama Datius. Datius akanitazama mimi. Nikasimama, dada, mbele ya wanaume wote wale, leso kichwani, nikasema nitakaa mimi, mlango na jiko, na sitachukua mshahara mpaka hoteli itakapojilipa. Wakapiga kura. Hoteli imepewa mpaka mwisho wa mwezi wa sita, kahawa mpya itakapoanza kuingia mjini. Isipojilipa kufikia siku hiyo, Yunus atapewa funguo. Tulishinda kwa hisa chache sana, na nyingi kati ya hizo ni za Tata.

Watu walipotawanyika, Tata aliniita barazani. Akaniuliza swali moja tu: na shule ya Kashozi je? Akasema, "Hilo usinijibu mimi. Ada ilikuwa ya dada yako kuliko yangu. Mwandikie yeye."

Ndiyo sababu ya barua hii. Masista wa Kashozi walikuwa wameniwekea nafasi ya kufundisha kuanzia Januari, kwa kuwa nimemaliza darasa la kumi. Nimewaandikia kwamba siendi. Niliipeleka barua hiyo posta Jumatatu, kabla sijaandika hii, kwa sababu nilijua nikikuandikia kwanza nitakusubiri, na nikikusubiri nitalegea. Miaka minne wewe ulikuwa ukituma nusu ya mshahara wako ili nisome Tabora. Ulivaa viatu vilivyoshonwa mara mbili ili mimi nivae sare. Ulitaka uwe na mdogo mwalimu, na ulikuwa na haki ya kumtaka. Nami nimeitoa nafasi ile kwa ajili ya hoteli yenye hasara, kazi isiyo na mshahara, na miezi sita isiyo na ahadi.

Usidhani ni mapenzi peke yake yaliyonisukuma. Mapenzi yapo, umeyasoma kila ukurasa. Lakini Datius hakuniomba. Alinisihi niende Kashozi, akasema atakuja kila Jumapili kwa baiskeli. Mimi ndiye niliyekataa. Nimeona kitu hapa ninachokiweza, dada. Najua hesabu ulizonisomesha na najua kwa nini Ta Clavery alilala chini ya mabati, na katika mji huu hoteli ya wakulima inahitaji mtu anayejua vyote viwili. Nikishindwa, mwezi wa saba nitapiga goti kwa masista, nami nitaanza kukurudishia ada yako senti kwa senti. Lakini sina nia ya kushindwa. Sikuombi ruhusa, maana nimekwisha kuamua. Naomba usinyamaze.

Datius anakusalimu sana, na Ma Verdiana pia, ambaye anauliza kama manesi wa Mwanza wanaolewa au wanazeekea wodini. Nimemwambia akuulize mwenyewe. Wasalimie wote unaokaa nao. Mungu akulinde na akuondolee uchovu.

Kama umekasirika, panda stima uje ukasirikie hapa, usoni kwangu. Nitakupa chumba kinachotazama ziwa. Ila utalipa shilingi sita kama mgeni mwingine yeyote, dada yangu mpenzi, kwa sababu vyumba vitano havitoshi, na mimi nahitaji cha sita.

Mdogo wako akupendaye,
Adventina Kokwijuka Karugendo